Mwaka Tuliomtangaza Mama Kemunto

Redio ilipotangaza kwamba Mama Kemunto wa Kebirigo amefariki, watu wa soko lake hawakulia. Walimpigia simu. Mwanawe wa kwanza alinieleza hayo siku ya mazishi, akiwa bado ameishika simu ya mama yake mkononi. Iliita tangu tangazo liliposomwa mpaka chaji ikaisha, na kila aliyepiga alitaka kuzungumza na marehemu mwenyewe, si mtu mwingine. Mwanamke mmoja alipoambiwa kwamba ni kweli, mama ametangulia, alijibu kwamba yeye atangoja kidogo. Kijana alisimulia akicheka na machozi yakimtoka, na waliosimama karibu wakacheka naye, kisha wakakumbuka walipo. Akinyi alikuwa kando yangu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, yeye amerudi kwao upande wa ziwa na mimi nimehama kazi mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Akanigusa kiwiko na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Unaona tulichofanya?" Sikujua anajuta au anajivuna. Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuamua, na kila ninapojaribu ninajikuta nimerudi katika chumba kimoja cha Keroka, juu ya duka la mabati, mwaka ambao kazi yangu yote ilikuwa kuchagua programu ya kompyuta.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu, na sikuamini kitu. Niliuliza kwa nini mashirika ya misaada hupenda kuweka mtoto anayelia kwenye kalenda. Niliuliza kwa nini anayesaidiwa hutajwa kwa jina moja na anayesaidia kwa majina matatu na cheo. Sista Nyaboke, muuguzi mstaafu aliyeanzisha shirika letu dogo, alisema mtu anayeuliza namna hiyo afadhali aulizie kazini, akaniajiri. Kazi ya shirika ilikuwa kuwashawishi wanawake wa Kisii na Nyamira wapimwe matiti mapema, kabla uvimbe haujawa jambo la kunong'onezwa. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya hivyo kwa mdomo tu, kanisani na sokoni. Sasa watu walikuwa na simu mikononi, naye alitaka kuwafikia humo. Mimi na Akinyi, aliyekuwa karani, dereva na mpiga picha wetu kwa pamoja, tulipewa laptopu iliyotumika na agizo moja: tutafute chombo cha kuhariri picha, video na sauti ambacho hakitatumaliza mfuko wala kutuaibisha.

Chumba chenyewe ninakikumbuka kwa pua kabla ya macho. Chini yetu Bwana Praful aliuza misumari, kamba na rangi, kama babu yake alivyouza hapo hapo, na harufu ya vitu hivyo ilipanda kupitia mbao za sakafu pamoja na mlio wa msumeno wa chuma. Malori ya barabara ya Kericho yakipita, vikombe vilitetemeka juu ya meza. Mchana tuliletewa ugali wa wimbi na chinsaga kutoka kibanda cha ng'ambo, na kila siku Akinyi alisema mboga ile ni chungu na kila siku akaimaliza. Bwana Praful alikuwa kwenye kamati yetu, na duka likipoa alipanda na birika la chai yake ya tangawizi, akaketi na kutusikiliza tukibishana. Mimi nilikuwa nimeigeuza ile kazi kuwa mtihani wa dunia nzima. Kila programu niliiuliza wewe ni wa nani, unakula nini, na ukifa kazi zetu utazirithisha nani.

Ya kwanza ilikuwa ile ya kulipia kila mwezi, wanayoitumia studio za mjini. Mashirika kama letu yalipunguziwa bei, lakini sharti uthibitishe kwa watu wa ng'ambo kwamba wewe ni shirika la misaada kweli, na wao walitaka namba ya jengo na jina la mtaa, wakati anwani yetu ya kweli ilikuwa juu ya kwa Praful. Ya pili ilikaa mtandaoni, ya bure, nyepesi, imejaa mapambo na muziki tayari. Unaweka picha yako na kabla chai haijapoa una kitu kinachong'aa. Ila picha unaikabidhi kwao. Nilisoma masharti yake yote, jambo ambalo Akinyi aliapa hakuna binadamu aliyewahi kulifanya, nikakuta wanasema wanaweza kutumia tulichoweka ili kuboresha huduma. Nikauliza kwa sauti, kuboresha vipi, kwa nyuso za wagonjwa wetu? Bwana Praful akapuliza chai yake. "Kitu cha bure kina mwenyewe," alisema. "Mimi hapa nawapa wateja kalenda bure. Na jina lililo juu yake ni la nani?" Ya tatu nayo ilikuwa ya bure, lakini imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Ilikuwa mbaya kwa sura na ngumu kwa mkono, na ikifunguliwa laptopu ilinguruma kama kinu cha posho. Lakini haikuhitaji mtandao, na picha zilibaki kwetu.

Ili tuzilinganishe kwa haki tulihitaji mtu mmoja wa kuwekwa katika zote tatu, na mtu huyo akajileta mwenyewe. Mama Kemunto aliuza ndizi Kebirigo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa titi, akamaliza matibabu, na daktari akamwambia arudi kwenye maisha yake. Alirudi na kukuta maisha yamehama. Wanunuzi wake wa siku zote walimsalimia kwa mbali kwa sauti laini, wakapita, wakanunua kwenye meza ya tatu. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Walikuwa wameshamzika tu, alisema, ila hawajachimba. Alipanda ngazi zetu akiwa na kitambaa cha kijani kichwani, akakataa kiti, akasema shida yake akiwa amesimama. Alisikia tunapiga picha. Basi tumpige yeye, tumwoneshe akiuza, tumsambaze Nyamira yote mpaka Kisii. Ikiwasaidia wanawake wengine kwenda kupimwa, vizuri. Yeye alitaka soko lake. "Sitaki pole," alisema. "Nataka wajue niko."

Tulimpiga picha sokoni, tukamrekodi akizungumza, tukarudi Keroka tukiwa na furaha ya watu waliopata kazi ya kweli. Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa udadisi mkubwa zaidi, maana kila chombo kilikuwa na wazo lake la jinsi binadamu anavyopaswa kuwa. Kimoja kilimfuta makunyanzi bila kuulizwa, akawa binti ambaye hata mumewe asingemjua. Kingine kilijidai kuandika maneno yake chini ya video. Alipoanza kwa "Bwakire buya", salamu ambayo kila mtoto wa hapa anaijua, kikaandika kitu kama maneno ya nchi iliyo chini ya theluji. Akinyi alicheka mpaka akalala juu ya meza. Mimi niliitamka salamu ile mara nyingi, kwa sauti tofauti, nikitaka kujua kikomo cha ujinga wake. Kisha kulikuwa na kitufe cha kusafisha sauti. Ukikibonyeza, soko lote linaondoka: mbuzi, mabishano, kengele ya muuza aiskrimu. Anabaki Mama Kemunto peke yake, anasikika kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Nilimwuliza Akinyi kwa nini sauti safi inatisha hivyo. Alisema labda ni kwa sababu hakuna mtu mzima wa afya aliyewahi kukaa mahali safi namna ile.

Siku ya kuamua ilipokaribia tuliandaa vipande vitatu vifupi, kimoja kutoka kila programu, tukavipeleka kwenye kundi la kamati kwenye simu. Sista Nyaboke alikuwa ameenda kumwuguza dada yake mahali ambapo mtandao hauna habari, akasema tuendelee, ataona akirudi. Kipande cha ile programu ya mtandaoni kilikuwa na kasoro moja ambayo tuliieleza waziwazi: toleo la bure liliruhusu sauti moja tu, ama maneno ama muziki. Akinyi alichagua muziki ili kamati iusikie. Katika ghala lao la nyimbo za bure alipata kinanda kizuri, kinachopanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, akakiweka. Picha ya Mama Kemunto ikasogea taratibu kuelekea kwa mtazamaji, kingo zake zikiwa na ukungu mweupe. Chini yake, jina lake na neno Kebirigo. Niliitazama nikaona ni nzuri. Akinyi aliitazama akaona ni nzuri. Bwana Praful aliionesha familia yake jioni, nao wakaona ni nzuri.

Hatukuwa wajinga, tulikuwa tu watu wasiosikiliza redio ya Ekegusii, lugha ya Wakisii, saa ya jioni. Akinyi hakuijua lugha. Mimi niliijua, lakini tangu chuo nilikuwa nasikiliza nilichochagua mwenyewe kwenye simu, peke yangu, kwa vidude vya masikioni. Kumbe kila jioni, katika kila nyumba kutoka Marani hadi Kebirigo, kinanda kile kile hulia kabla ya matangazo ya vifo. Kikianza, watoto hunyamazishwa, mwiko huachwa ndani ya sufuria. Mjumbe mmoja wa kamati, mzee mwema wa Marani, alifungua simu yake, akasikia, akaona jina na mahali, akafanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Alimtumia shemeji wa Mama Kemunto, pamoja na salamu za rambirambi.

Asubuhi iliyofuata Mama Kemunto alitoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, akakuta uwanja wake umejaa watu. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshawasha moto nyuma ya nyumba. Shemeji yake alikuwa kwenye simu akiulizia maturubai na viti. Jirani mmoja alikuwa amekaa chini ya ukuta akilia kwa dhati, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona. Huyo hakupiga kelele, alisimama tu akaondoka, na inasemekana hakurudi nyuma kuangalia mpaka alipofika kwake. Mama Kemunto aliutua mkungu, akawatazama mmoja mmoja, akauliza kama moto ule una maji juu yake, maana wageni hawawezi kukaa bila chai. Akawapikia chai yeye mwenyewe. Wakanywa. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza walizungumza nini wakati wa chai ile, ingawa niliuliza wengi.

Tuliitwa mchana. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, na juu ya ukuta kalenda ya kanisa na picha ya harusi yake. Sista Nyaboke alikuwa amefika moja kwa moja kutoka stendi, begi bado begani, uso umejikaza. Tuliomba msamaha kwa lugha zote tulizokuwa nazo. Mama Kemunto alitusikiliza huku akimenya ndizi za kupika, kisu kikienda bila kutazamwa. Alipoongea alianza na Akinyi.

"Wewe ndiye ulichagua huo wimbo?"

"Ni mimi, Mama."

"Na kwenu wakifa wanapigiwa nini?"

Akinyi akasema kwao kila redio ina wake, na kwamba huu yeye aliuona mtulivu. Mama Kemunto akatikisa kichwa kana kwamba jibu lile lilimridhisha kabisa. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Mama Kwa Nini, unayeuliza kila kitu. Niulize kitu kimoja." Sikuwa na swali, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Akajibu bila kuulizwa. "Simu yangu ilikuwa na chaji jana yote. Niko nayo hapa mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyenipigia akauliza kama ni kweli. Mtu akisikia jirani amekufa ghafla si anashtuka, anauliza jana si nilimwona? Mimi hawakuuliza. Walitafuta tu masufuria." Kisu kikasimama. "Hiyo ndiyo imeniuma, si wimbo."

Sista Nyaboke alisema tutafuta kila kitu, tutatuma masahihisho, tutaanza upya na picha nyingine na muziki wa furaha. Mama Kemunto akasema hapana. Muziki wa furaha nani atausikiliza, kila tangazo la sabuni lina muziki wa furaha. Lakini wimbo ule, alisema, hata mlevi hunyamaza. Hata mama mkwe wake, ambaye hakumsikiliza tangu aolewe, hunyamaza. Basi tuurudishe vile vile, na watu wakishakaa kimya kama walivyofundishwa, yeye aongee.

Walibishana mpaka ndizi zikaiva. Sista alisema kifo si cha kuchezewa, na kwamba wapo waliofiwa wiki hiyo hiyo watakaousikia wimbo na kushtuka. Mama Kemunto alisema yeye ndiye aliyekufa, kwa hiyo afadhali aulizwe yeye. Nilimwona Sista akitaka kukasirika, kisha akacheka bila kutaka, kisha macho yakamlowa, maana alikuwa amewauguza wengi waliofichwa vyumbani na watu wenye sauti laini. Alikubali kwa sharti moja, kwamba maneno yaanze mapema, kabla moyo wa mtu haujapasuka. Mimi sikukubali wala kukataa. Nilitaka kujua tu itakuwaje, na hata leo sina uhakika kama kutaka kujua ni sababu ya kutosha ya kufanya jambo. Wimbo wenyewe niliufuatilia mpaka kwa aliyeutunga, mtu wa nchi ya baridi asiyejua kama Gusii ipo. Alikuwa ameupa jina la asubuhi. Redio iliuchukua kutoka ghala lile lile la bure, kwa sababu ile ile iliyotufanya sisi tuuchukue. Kilichoufanya kuwa kifo ni sisi wenyewe tulionyamaza mbele yake kila jioni.

Ndivyo tulivyochagua chombo chetu. Sababu zote nilizokuwa nimezipanga, mwenyewe wake nani, picha zinakaa wapi, zilibaki kuwa za kweli, lakini zilizotangulia ni mbili: kibebe wimbo na maneno kwa pamoja, na kisimfanyie Mama Kemunto usafi bila ruhusa. Kile kibaya cha watu wa kujitolea kiliweza. Laptopu ilinguruma, Bwana Praful akatuletea feni kutoka dukani ili isiungue, na Akinyi akajifunza kushusha kinanda polepole chini ya sauti ya mtu mpaka kikawa kama maji yanayopita mbali. Tulimrekodi upya sokoni, mbuzi na kengele vikiwa pale pale. Tulimwandikia maneno, akayasoma mara moja, akayakunja, akaongea yake. Kwa Ekegusii alisema: mimi ni Kemunto, mnayemjua. Nilikuwa na uvimbe, nikaenda mapema, wakaukata. Mlikuja nyumbani kunizika, mkanywa chai yangu, ahsanteni. Niko Kebirigo na ndizi zimeiva. Na wewe mwenye kitu unachokificha chini ya nguo, nenda wakakuangalie kabla wimbo huu haujawa wako.

Kipande hicho kilienda kwa kasi ambayo hakuna kalenda yetu iliyowahi kuiota. Wengine walikasirika. Mzee mmoja wa kanisa alimpigia Sista na kumsomea mistari mingi, naye akaisikiliza yote. Wengine walicheka, wakatumiana. Wanawake wachache walipanda ngazi zetu, wakauliza bei ya misumari, wakabaki wamesimama mlangoni mpaka Sista alipowaelewa na kufunga dirisha. Lakini kutoka Kebirigo kwenyewe hatukusikia lolote. Tulikwenda siku ya soko kuona, mimi na Akinyi, tukakaa kwenye benchi la kibanda cha chai. Watu walimpungia Mama Kemunto mkono, walimwita jina, walimtania kwamba amefufuka bila Pasaka. Na baada ya kumtania walikwenda kununua kwenye meza ya tatu. Chai yangu ilipoa. Niliwaza kwamba tumemfanya kichekesho, jambo ambalo labda ni baya kuliko kuhurumiwa, na nikaanza kumwambia Akinyi hivyo.

Ndipo akaja mwanamke mnene mwenye kikapu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Mama Bosire na aliwahi kununua kwa Mama Kemunto kila wiki. Aliinua kichane, akakigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba bila huruma. Akasema ndizi hizi zimedumaa. Akasema bei hii ni ya Nairobi. Mama Kemunto akamwambia aende basi kwa wale wa kule wenye ndizi za kuchonga. Mama Bosire akasema haendi, apunguziwe hapa hapa, kwani amemkosea nini. Sauti zikapanda, watu wakageuka. Mama Bosire akaweka kikapu chini na mikono kiunoni, akauliza kama hospitali walimtoa uvimbe wakamwachia uchoyo. Nilisimama. Nilikuwa nimeshafika mezani, tayari kumwambia mama yule kwamba huyu ni mtu aliyetoka kuugua, awe na utu, aliposhtuka Mama Kemunto na kunizuia kwa kiganja.

"Mwanangu, rudi ukanywe chai," alisema, na uso wake ulikuwa unawaka kama wa msichana. "Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyenibishia bei."

Kisha akamgeukia Mama Bosire, akamwambia kwamba kwa mdomo kama ule, bei imepanda.